UZI: Mzungu anavua mbuta (sangara) kwenye hifadhi ya Murchison, Uganda, halafu anamrudisha majini. Pesa yake inaishia wapi?

MwaloWanseko ameandika:

Wakubwa habari za saa hizi. Naandika kutoka Wanseko, Buliisa, pale Naili inapoingia Ziwa Albert. Tangu wiki jana hapa mwaloni tunabishana juu ya hawa wageni wanaokuja kuvua na kuwinda kwa starehe, wengine wanasema ndio watatukomboa wengine wanasema ni wizi mtupu, nimechoka kubishana na watu wenye visu vya kupasulia samaki mkononi basi nimeileta hapa.

Kwa wale hawajaona. Mgeni anachukuliwa na boti pale Paraa anapandishwa mto mpaka karibu na maporomoko, maji yanashuka na povu kama sabuni. Anasimama juu ya mwamba na rodi yake, mshipi mnene, chambo ni samaki mdogo hai au wa plastiki aliyepakwa rangi. Nyuma yake renja na bunduki, sababu mamba wa pale hawana adabu na kiboko naye akipanda nchi kavu haulizi. Wanaweza kukaa hivyo asubuhi nzima bila kitu. Halafu rodi inapinda mpaka ncha inagusa maji, mbuta anaruka juu anatikisa kichwa, mzee wa watu anavutwa kama mbuzi anapelekwa sokoni. Akimtoa wanampima kwenye kitambaa, picha mbili tatu, kisha jamaa anaingia maji ya magoti, anamshika samaki taya la chini anamwelekeza kichwa kwenye mkondo mpaka mkia uanze kucheza wenyewe. Anamwachia. Samaki wa kilo 60! Pale chini ya maporomoko wapo wanaopita hata kilo 100.

Sasa kijana wa huku kwetu ambaye usiku kucha amevuta nyavu ya muziri na ragoge, wale samaki wadogo (maana ndio tumebaki nao kwa wingi, angara na ngassa siku hizi unawatafuta kwa tochi) ukimwambia hiyo habari anakuona umerogwa. Mbuta huyo mwaloni ni ada ya shule.

Lakini mimi nimekaa na hiyo kitu nikapiga hesabu. Mbuta akifika mwaloni anauzwa mara moja, nyama huku, bondo (kile kifuko cha hewa cha tumboni) kule kwa Wachina, kwisha. Yule aliyeachiwa mwaka huu anaweza kushikwa tena mwakani na mwingine, na wale wakubwa kabisa ni majike, jike moja linabeba mayai ya mamilioni. Na mgeni wa rodi siyo kama mgeni wa simba. Wa simba analala usiku mmoja au mbili, akiona simba kapanda juu ya mti anaenda Kibale kutafuta sokwe. Wa rodi anakaa siku tano sita mahali pamoja, na kiingilio cha hifadhi kinahesabiwa kila saa 24, kwa hiyo geti linamtoza kila siku. Juu yake kibali cha kuvua, boti, mafuta, chumba, dereva aliyemtoa Entebbe.

Sasa ndio swali langu. Sheria ya wanyamapori inasema asilimia 20 ya viingilio inarudi kwa serikali za mitaa zinazozunguka hifadhi. Viingilio. Kile kibali cha kuvua ni risiti nyingine. Kwa hiyo pesa inayotoka kwa samaki mwenyewe haimo kwenye hiyo 20 yetu. Mimi sipingi uvuvi wa starehe, napinga hapo tu. Nyie mnaonaje?

---

Jembe_la_Hoima ameandika:

Kaka umeandika vizuri lakini unatuletea maneno ya loji. Mkoloni alikuja kuwinda, babu zetu wakabeba mizigo, leo mjukuu wake anakuja na rodi sisi tunabeba kreti la bia. Tofauti ni ipi?

Na usisahau, mwaka 2017 jeshi liliingizwa maziwani, mtumbwi ukiwa chini ya futi 28 huko Victoria ni kosa, nyavu ikiwa na matundu madogo inachomwa, mtu analala ndani. Sawa, uvuvi haramu ulimaliza samaki, hilo hata mimi nakubali. Lakini mwenye rodi anaambiwa "karibu bwana" na mwenye mtumbwi anaambiwa "lala chini". Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ukitaka nikubali uchumi wa starehe nionyeshe mtu mmoja wa kijijini aliyejenga nyumba ya bati kwa pesa ya starehe. Mmoja.

---

Kijana_Nyabushozi ameandika:

Jembe nipo. Siyo mimi mwenye nyumba lakini naweza kukuonyesha.

Sisi huku tunapakana na Ziwa Mburo. Watu wa nje hawajui kwamba wanyama wengi wa Mburo hawakai Mburo, wanakula kwenye ranchi zetu. Hifadhi yenyewe ni ndogo, swala pala hana uzio, asubuhi unaamka unakuta ng'ombe wako na swala na punda milia wanagombania nyasi moja, wakati wa kiangazi wanagombania mpaka maji ya bwawa ulilochimba kwa trekta la kukodi. Hifadhi ilipotangazwa 1983 watu walifukuzwa vibaya, wengine walirudi 1986 serikali ilipobadilika na sehemu ya ardhi ikarudishwa kwa watu. Kwa hiyo jangili akija usiku na mbwa na nyavu, nani angemripoti? Jirani yako alikuwa anaona jangili anamsaidia kupunguza mdomo kwenye majani.

Kuwinda kulikuwa kumefungwa Uganda tangu 1979. Mwaka 2001 ndio wakaanza majaribio hapa kwetu, kampuni moja ikapewa kazi, inaleta mgeni wa kulipia. Jinsi inavyoenda: wanahesabu wanyama, mamlaka ya wanyamapori inatoa mgao wa mwaka, mfano swala wangapi, nyati wangapi, pofu wangapi. Mgeni haruhusiwi kupiga anavyojisikia. Anatembea na mwindaji mwenye leseni, na renja, na kijana wa hapa wa kufuata nyayo ambaye ndiye anayejua kazi hasa. Wanataka dume mzee mwenye pembe ndefu, siku nyingine wanatembea toka alfajiri mpaka jua la saa sita na mtu hapigi risasi hata moja. Akipiga, pembe na ngozi ni zake, nyama inabaki hapa inagawiwa. Na kila mnyama ana bei yake, ile bei inagawanywa, sehemu inaenda jamii sehemu mamlaka.

Sasa vita vilipoanza ni hapo. Pesa ya jamii ilikuwa inaingia kwenye chama cha parokia, inafanya miradi. Mwenye ranchi akauliza, nyati kala kwangu, kapigwa kwangu, kavunja uzio wangu, halafu pesa imejenga kitu ng'ambo ya kilima ambako hakuna hata swala mmoja? Na yule asiye na ardhi naye akasema wanyama ni wa wote, nyie wenye ranchi tayari mna ng'ombe. Wote wana haki ukiwasikiliza. Waligombana mpaka wakabadilisha mgao mwenye ardhi naye apate chake. Mpaka leo mkutano wa pesa hizo ukiitishwa usiende na haraka, beba chakula.

Lakini jangili alipungua kwenye ranchi, hilo nililiona kwa macho. Mtu akisikia mbwa usiku anapiga simu. Zamani alikuwa anageuka upande wa pili analala.

---

Karamoja_Ndani ameandika:

Naongeza ya kwetu kidogo. Pian Upe na pori za juu huku wawindaji wapo pia, wanakuja kwa ajili ya nyati na pongo na nyamera. Kwetu faida kubwa siyo pesa, niseme ukweli, ni nyama na barabara. Kampuni ikitaka mgeni afike kambini lazima isafishe njia, na njia hiyo hiyo ndiyo gari la mgonjwa linapita.

Mbaya ni kwamba yote imesimama juu ya mguu mmoja. 2020 korona ilipofunga uwanja wa Entebbe hakuna mgeni aliyekuja, wafuata nyayo walikaa nyumbani. Nchi nzima kesi za ujangili zilipanda zaidi ya mara mbili miezi ile ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Hata yule gorila wa Bwindi waliyemwita Rafiki aliuawa Juni 2020, na aliyemuua alisema alikuwa anatafuta wanyama wadogo wa kula. Mtu akikosa pesa ya mgeni anarudi kwa mtego. Kwa hiyo msihesabu tu mwaka wa neema.

---

HesabuBilaChuki ameandika:

Nimesoma wote. Niweke namba chache mezani maana kila mtu anasema kubwa au kidogo bila kipimo.

Huko Marekani kuna utafiti wao wa watu wanaovua, kuwinda na kutazama wanyama. Wa mwaka 2016 ulionyesha wavuvi wa starehe milioni 35.8 walitumia dola bilioni 46.1, wawindaji milioni 11.5 walitumia bilioni 26.2. Pesa kubwa. Lakini ukifungua ndani unaona nyingi ni vifaa, magari, boti, mahema. Yaani vitu ambavyo vinatengenezwa au kuuzwa kwao. Na siri yao ni hii: tangu 1937 wana kodi kwenye bunduki na risasi, asilimia 11 kwa bunduki ndefu, na tangu 1950 nyingine kwenye vifaa vya kuvulia, na hiyo pesa sheria imeifunga, inakwenda kwenye majimbo kutunza wanyama na samaki. Haikai kwenye kapu kubwa la serikali ikapotea njiani.

Sisi je? Rodi imenunuliwa kwao. Rili kwao. Tiketi ya ndege kwao, na mara nyingi safari nzima imelipwa kwa wakala wa kwao kabla mguu haujagusa Entebbe. Kinachotufikia ni mkia. Kwa hiyo mtu akikuletea karatasi inasema mwindaji mmoja ni dola elfu kadhaa, muulize hizo elfu zimelala nchi gani.

Kuna ripoti ya Economists at Large ya 2013 juu ya uwindaji wa nyara Afrika, wao walisema kinachofika kwa jamii za vijijini ni kama asilimia 3 ya mapato ya kampuni za kuwinda. Wawindaji waliipinga sana, na kweli nchi hazifanani, Namibia jamii zenye hifadhi zao zinashika mkataba zenyewe, siyo sawa na mahali ambapo kampuni inaongea na wizara tu. Kenya walifunga kuwinda 1977 hawajafungua. Botswana walifunga 2014 wakafungua 2019. Tanzania wana vitalu vya kuwindia. Kwa hiyo asikuambie mtu kuna jibu moja.

Halafu MwaloWanseko, kwenye ile 20 uko sawa, ni ya viingilio. Ila ongeza hii: sheria mpya ya 2019 iliweka mfuko wa fidia kwa mtu aliyeuawa au kuumizwa au kuharibiwa mali na wanyama, na mfuko huo unachotewa asilimia 2 ya mapato ya mamlaka. Mapato, siyo viingilio peke yake. Kwa hiyo kibali cha samaki kinagusa hapo. Kidogo lakini kinagusa.

---

Jembe_la_Hoima ameandika:

Asilimia 2 ya kumlipa mtu ambaye tembo amekanyaga muhogo wake. Asante sana 😂 Tembo anakula leo fomu inajibiwa lini?

---

HesabuBilaChuki ameandika:

Hilo ni swali la haki kabisa wala silitetei.

---

MamaPakwach ameandika:

Nyie wanaume mnahesabu kibali na nyara, mimi nawaletea habari ya nyanya.

Nina hoteli ndogo ya chakula barabarani hapa Pakwach, ukivuka daraja. Loji za upande wa kaskazini ya hifadhi haziko mbali na mimi. Kila wiki naona gari la friji linatoka Kampala linanipita, limebeba nyanya, mayai, kuku, hata samaki jamani! SAMAKI anatoka Kampala anakuja kuliwa kando ya Naili. Nilienda kuuliza mara moja, meneja akanipokea vizuri tu, akanieleza: mama, mgeni wangu analipa sana, nataka fileti ukubwa mmoja, nataka risiti ya kodi, nataka uniletee Jumatatu na Alhamisi bila kukosa, na wewe utanidai keshi mkononi wakati mimi nalipa baada ya mwezi. Sikuwa na jibu. Ni kweli sina friji kubwa, wala sina mtaji wa kuuza leo nilipwe mwezi ujao.

Lakini hapo ndipo pesa inapokimbilia wanangu, siyo kwenye kibali. Kibali ni mara moja. Mgeni anakula mara tatu kwa siku. Huyo mvuvi wa siku tano sita anakula na dereva wake anakula na mtu wa boti anakula. Dereva ndiye mteja wangu, mgeni hajawahi kukanyaga kwangu, dereva anakuja anakula kalo na samaki wa kukaanga analipa anaenda. Msimu wa wavuvi madereva wanakaa siku nyingi kuliko msimu wa simba, hiyo nakubaliana na kaka wa Wanseko mia kwa mia, naiona kwenye sufuria.

---

MwaloWanseko ameandika:

Mama shikamoo. Umenigusa pale pale. Hata huku mafuta ya boti zao yanakuja na magari yao.

Nimeongea na kijana mmoja anayewapeleka wageni kwa boti, akaniambia kitu. Mshahara ni wa kawaida, kinachomweka ni bakshishi, na bakshishi ya mvuvi ni nzuri kuliko ya mtu wa picha. Sababu gani? Mvuvi anakutegemea. Wewe ndiye unajua jiwe gani mbuta analala nyuma yake maji yakiwa juu, na jiwe gani maji yakishuka. Mtu wa simba anaangalia simba yeyote kafika, hakuhitaji sana. Huyo kijana baba yake alikuwa mvuvi wa nyavu hapa hapa, ule ujuzi ameurithi, sasa anauuza bila kuua samaki. Jembe, nyumba yake ni ya bati na ina umeme wa jua. Ndiye mmoja uliyemtaka.

Sasa ninachosema. Kwa kuwinda watu wa Nyabushozi wana mkataba unaosema mnyama huyu bei yake hii, sehemu hii ni yenu, hata wakigombana wanagombania kitu kilichoandikwa. Kwa kuvua ndani ya hifadhi sisi hatuna mstari wetu. Tuna 20 ya geti ambayo inagawanywa kwa wilaya nyingi, Buliisa, Nwoya, Masindi, Kiryandongo na wengine, ikishuka sabkaunti ikishuka parokia inafika mbuzi wachache na mizinga ya nyuki. Mtu wa Wanseko hawezi kuunganisha yule mbuzi na mbuta aliyeachiwa. Na kama hawezi kuunganisha, usiku ataingia na nyavu kule juu ambako hakuruhusiwi, anajua kabisa mbuta wakubwa wako wapi. Kama kwa kila samaki mkubwa anayeachiwa hai kungekuwa na shilingi inayokuja mwaloni kwa jina lake, mngeona nani angekuwa wa kwanza kumkamata mwenye nyavu. Sisi wenyewe.

---

Kijana_Nyabushozi ameandika:

Naunga mkono ila jihadharini na "inakuja mwaloni". Inakuja kwa NANI mwaloni? Zile kamati za mialo rais alizisimamisha 2015, malalamiko ya rushwa yalizidi. Sisi tulijifunza kwa machungu, andikeni kabla pesa haijaja nani anahesabika kuwa mwanachama. Mwenye mtumbwi? Anayepakia samaki? Mama anayekausha muziri? Mkimbizi aliyevuka kutoka Kongo amekaa miaka kumi? Hilo mkiliacha mtapigana mpaka mtoe meno.

---

MamaPakwach ameandika:

Mama anayekausha muziri awe wa kwanza. Naandika hapa ili ibaki.

---

Jembe_la_Hoima ameandika:

Mimi bado moyo haujatulia na kuwinda, kumpiga mnyama kwa raha sioni utamu wake. Kuvua kwa kuachia naweza kuvumilia. Lakini kama ni hivyo mbona ni wazungu tu? Mganda akitaka kuvua kwa rodi siku ya Jumapili inawezekana au mpaka upake krimu ya jua?

---

HesabuBilaChuki ameandika:

Inawezekana, na raia wa Afrika Mashariki analipa kiingilio kwa shilingi, ndogo sana kuliko dola za mgeni. Kibali cha kuvua unachukua kwa mamlaka ya hifadhi. Ukitaka karibu na Kampala au Mbarara kuna Mburo, pale kambi ya Mazinga watu wanavua wamekaa nchi kavu. Kizuizi ni rodi, nzuri ni ghali na za kukodi ni chache.

---

Karamoja_Ndani ameandika:

Hiyo ni biashara kwa kijana mwenye akili. Kukodisha rodi.

---

MwaloWanseko ameandika:

Jembe ukija nitakuombea boti kwa yule kijana, mafuta tunachanga. Mkutano wa bajeti ya sabkaunti ni mwezi ujao, nataka kupeleka barua juu ya hicho kibali. HesabuBilaChuki nisaidie kifungu cha sheria kwa namba yake, nikisema "nilisoma mtandaoni" watanicheka. Mama Pakwach nitumie bei unazonunulia nyanya na kuku, nataka ziambatane na barua.

---

MamaPakwach ameandika:

Nyanya ya wiki hii au ya kiangazi? Maana ni vitu viwili tofauti kabisa.

---

MwaloWanseko ameandika:

Zote mbili mama.